Nyati Ana Shingo Moja

Nyati ana miguu minne, mbavu za kutosha na utumbo wa kulisha ukoo mzima, lakini shingo Mungu kampa moja tu. Hapo ndipo Embong alipokwama. Harusi ya binti yake Habsah ilikuwa imebakiza wiki mbili, uchaguzi wa jimbo wiki moja, nyati keshafungwa nyuma ya nyumba anakula migomba ya jirani, na kijiji cha Pengkalan Rambai kilikuwa na wachinjaji wawili, kila mmoja akiapa kwamba nyama iliyopita kwenye kisu cha mwenzake ni kibudu.

"Wachinje nusu nusu," Embong alisema.

Mkewe Semek hakuinua kichwa kutoka kwenye kinu alimokuwa akitwanga samaki. "Nusu ya shingo, Baba Habsah?"

"Nasema tu."

"Basi sema kingine."

Watu wa mbali wakitusikia hutucheka, na haki yao. Miaka ile ya themanini jimbo letu la uchaguzi lilipeleka mtu mmoja kwenye baraza la mkoa, mtu ambaye akishafika huko hatuoni hata kivuli chake mpaka kampeni nyingine, na kwa ajili ya mtu huyo tulijenga msikiti wa pili. Kura ya bunge la taifa haikutusumbua. Hiyo tuliipiga kama mtu anavyopiga chafya. Ya jimbo ndiyo iliyotutoa macho. Uchaguzi mmoja chama cha Mwavuli kilishinda kwa kura ishirini na moja. Uliofuata, chama cha Taa kikanyakua kiti kwa kura tisa. Kisha Mwavuli tena, kwa kura ambazo mpaka leo hatujakubaliana idadi yake. Na kila uchaguzi ukiisha tuliongeza kitu: imamu wa pili, mkahawa wa pili, jeneza la pili, na timu ya mpira ya pili. Timu zetu hazikubali kucheza pamoja, ndiyo maana zote mbili hazijawahi kufungwa.

Embong katika historia hiyo alikuwa na kipaji chake. Kila chama alichokuwamo kilishindwa. Alianza na Taa kwa kumfuata baba mkwe, Mwavuli ikashinda. Akahamia Mwavuli, Taa ikashinda. Akarudi Taa kwa aibu, Mwavuli ikarudi kwa kishindo. Vijana wa mkahawani walimwambia, "Mzee, tukikulipa utajiunga na wale wengine?" Yeye alicheka nao, kwa sababu angefanya nini, na kesho yake aliwauzia keropok zake kama kawaida, zile soseji za samaki na unga wa sago zilizoifanya mikono ya nyumba nzima inuke usiku na mchana. Semek, kwa upande wake, alikuwa Taa tangu enzi za marehemu baba yake. Alikaa humo kama msumari ulioota kutu, wala hakujadiliana na mtu.

Habsah alikuja akakaa kwenye ngazi, miguu chini. "Baba, kwa hiyo nani atakula?"

"Watu watakula."

"Watu gani? Wa mume wangu wote ni Taa. Wajomba zako wote ni Mwavuli. Nani atakula?" Kisha akasema lile alilokuwa analizungusha mdomoni tangu asubuhi. "Mimi sitaki kuwa Kelesom."

Kelesom alikuwa binti wa nyumba ya tatu kutoka pale. Miaka minne nyuma wageni wake walikuja, wakauliza nani kachinja, wakanawa mikono ambayo haijagusa chakula na kuondoka. Baba yake alizika nyama. Tangu siku ile jina lake ni Kelesom wa Sufuria, na mwanawe anaitwa mtoto wa Sufuria, na sisi tuliomwita hivyo tulijiona wachekeshaji.

"Hutakuwa Kelesom," Embong alisema. "Nitaongea nao."

"Wewe?" alisema Semek.

* * *

Alikwenda kwanza kwa Tok Imam Mamat, mchinjaji wa Mwavuli, mtu wa mshahara wa serikali na kanzu iliyopigwa pasi hata mikunjo yake. Embong alisimama chini ya ngazi akangoja aambiwe apande. Hakuambiwa.

"Embong, sogea huko upande wa pili kidogo," Tok Imam alisema kutoka barazani, akijipepea kwa gazeti. "Upepo unatoka kwako."

Embong akasogea. "Samahani, Tok Imam. Ndiyo kazi yenyewe."

"Kazi ni kazi. Sema shida."

Akasema. Tok Imam alisikiliza kwa macho nusu yamefumba, kisha akakohoa kile kikohozi chake cha hotuba. "Nitakuchinjia. Nitakuazima na masufuria makubwa ya msikiti. Kwani wewe ni mtu wetu, au si mtu wetu?"

"Ni mtu wenu, Tok Imam."

"Hivi sasa ndiyo. Na siku ya kura?"

"Na siku ya kura."

"Apa."

Embong akaapa. Jua lilikuwa la saa saba, na alikuwa ameambiwa asimame upande usio na kivuli.

Lebai Yunus, shehe na mchinjaji wa Taa, alikuwa mdogo wake Tok Imam, baba mmoja mama mmoja. Pua ile ile, kikohozi kile kile. Nyumba zao zilitazamana, ila kila mmoja alikuwa ameziba madirisha yanayomtazama mwenzake, wakawa wote wawili wanaishi gizani kwa ajili ya siasa. Lebai alimpandisha Embong barazani, akamkaribisha na kahawa, na Embong nusura alie kwa heshima ile. Kisha ikaja.

"Kisu changu kipo. Masufuria yapo. Lakini nyama ya kaka yangu mimi simpi hata paka, unanielewa? Nikichinja mimi, nachinja peke yangu. Na nachinja kwa ajili ya mtu wa Taa. Mkeo namjua. Wewe sikujui."

"Mimi ni Taa, Lebai."

"Tangu lini?"

"Tangu... si tangu zamani. Nilipotea katikati pale."

"Utaipigia Taa?"

"Wallahi."

Alirudi nyumbani ameapa mara mbili na tatizo liko pale pale, kwa sababu alikuwa amepata visu viwili na shingo ni ile moja. Semek alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yaani umekwenda kutafuta mchinjaji, umerudi umejichinja wewe," alisema.

* * *

Siku ya kura alivaa shati la harusi, lile jipya, kulizoesha mwili. Shuleni kulikuwa na mistari mirefu, watu wa Mwavuli wakisimama huku wamewapa mgongo watu wa Taa, ingawa mstari ulikuwa mmoja, jambo ambalo si rahisi kulifanya. Embong alipofika kwenye kile kibanda cha mbao, akashika penseli, akaona picha ya mwavuli juu na picha ya taa chini.

Ahadi ni deni. Mwenye madeni mawili hulipa mawili. Ndivyo alivyojiambia, na pale kibandani ilionekana ni busara kubwa kabisa. Akatia alama kwenye mwavuli. Akatia alama kwenye taa. Akakunja karatasi, akatoka na roho nyeupe, mtu asiyedaiwa na yeyote.

Jioni matokeo yakatoka. Taa imeshinda kwa kura moja.

Moja! Mwavuli wakaomba zihesabiwe upya, zikahesabiwa, moja ile ile. Kura zilizoharibika zilikuwa sitini na ushee. Mawakala wa vyama wakataka kuziona moja moja, na walipofika kwenye karatasi fulani iliyotiwa alama zote mbili, wakala wa Mwavuli akainusa. Akampa wa Taa. Wa Taa naye akainusa. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya jimbo letu mawakala wale wawili kukubaliana.

"Samaki," alisema mmoja.

"Samaki na sago," alisema wa pili.

Kabla ya swala ya isha kijiji kizima kilikuwa kinajua. Na sisi, kusema kweli, tulifurahi sana kumpata. Sitini na ushee zimeharibika, lakini iliyonuka ni moja, basi mwenye kosa ni mmoja. Tulisema, "Yule Embong!" tukatikisa vichwa, na hakuna aliyemwuliza mwenzake kuhusu zile nyingine.

Asubuhi kijana wa Tok Imam alikuja na mkokoteni kuchukua masufuria. "Tok Imam anasema ungetupa kura yako tungetoka sare," alisema bila kumtazama. Saa moja baadaye akaja wa Lebai. "Lebai anasema nusura utupokonye kiti. Anasema kisu chake kimekuwa butu." Barabarani watu walipita mbali na meza ya keropok. Mzee mmoja wa Mwavuli alisimama, akatema mate karibu na miguu ya Embong, na yule wa Taa aliyekuwa nyuma yake akatema pale pale. Embong akachukua mchanga, akafukia, akakaa.

Mchana akaja Haji Deraman, baba wa bwana harusi, akavuka mto kwa heshima zote na kukaa ukingoni mwa kiti. Nikaha kadhi wa wilaya alikuwa keshaifungisha mjini, huko hakuna wa kumwuliza mtu chama chake, kwa hiyo mke ni mke. "Ila karamu, kaka," Haji alisema, akiizungusha kofia mikononi. "Watu wangu watakuja kumchukua mwali. Kula hawatakula. Usinione vibaya. Mimi mwenyewe ningekula, lakini nikila mimi, wao hawatanila mimi?"

"Nakuelewa, kaka."

"Unanielewa kweli?"

"Hapana," alisema Embong. "Lakini nakuelewa."

Habsah alikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, na ukuta ule haukuzuia hata sauti ya panya. Alilia kimya kimya, na baba yake alimsikia vilevile.

* * *

Semek ndiye aliyelipasua jipu, na hakulipasua kwa hekima, alilipasua kwa hasira. Alikuwa anakanda unga, Embong amekaa na kichwa mikononi, anarudia kwa mara ya ishirini kwamba heri angempata mchinjaji mgeni, askari wa kutoka mkoa mwingine, yeyote asiye na chama.

"Kila mtu ana chama!" Semek alifoka. "Askari ana chama! Nyati wako akisema atakuwa na chama! Mchinjaji, mchinjaji, masikio yameniuma! Huyu samaki hapa nani kamchinja? Eh? Nani?"

Embong aliinua kichwa.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna," alisema Semek, na mikono yake ikasimama ndani ya unga.

Samaki hachinjwi. Mtoto wa madrasa anajua. Samaki hafi kwa kisu cha Mwavuli wala cha Taa, hufa kwa ajali yake.

"Lakini karamu ya harusi bila nyama!" Embong alisema. "Watasema tumefilisika."

"Kwani hatujafilisika?"

"Tumefilisika, ila wasiseme."

"Waache waseme mdomo umejaa," alisema Semek.

Nyati akarudi kwa Tauke Seng mwenye duka, aliyemchukua kwa bei ya chini na maneno ya bure. "Sisi kwetu tunagombana kwa pesa tu," alisema Mchina yule akimpapasa mnyama. "Nyinyi mna anasa." Pesa zikanunua jodari, vikapu kwa vikapu, maembe machanga, nazi na samli ya wali. Masufuria hayakuwepo, kwa hiyo walipika kwenye mapipa yao ya kuchemshia keropok. Semek aliyasugua kwa majivu mpaka kucha zikaisha, na bado yalinuka yanavyonuka.

* * *

Siku ya harusi tulikuja. Tungefanyaje? Tulikuwa tumejiandaa kuuliza nani kachinja, tukafunua vifuniko tukakuta jodari wanatutazama. Wengine walikoroga chini kabisa kutafuta angalau kuku. Tukabaki hatuna sababu, na mtu asiye na sababu, akisikia harufu ya wali wa samli, hukaa. Watu wa Taa walikaa kulia kwa turubai, wa Mwavuli kushoto, migongo imegeukiana. Tok Imam alikuwepo. Lebai alikuwepo. Haji Deraman na watu wake walivuka mto na ngoma zao.

Habsah alikaa jukwaani kando ya mumewe, macho chini inavyotakiwa, mwali asiyecheka wala kukohoa. Embong alisimama mlangoni akipeana mikono, na katika kila mkono kulikuwa na noti iliyokunjwa, kama desturi yetu inavyotaka. Alipoiona mistari ya sahani inaanza kujaa alisahau kuuachia mkono aliokuwa ameushika. Watu wanakula. Binti yake hatakuwa Kelesom.

Ndipo Mheshimiwa mpya alipofika, yule wa kura moja, na shada la maua shingoni. Hakuna aliyemwalika, mheshimiwa haalikwi, hutokea. Akaenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti.

"Ndugu zangu! Nini hiki tunachokiona leo? Samaki! Chakula cha mnyonge! Hii ndiyo sera ya Taa! Karamu hii, ndugu zangu, ni karamu ya ushindi wa Taa!"

Upande wa kushoto vidole vilisimama katikati ya sahani na mdomo. Tok Imam Mamat alisimama, akakung'uta kanzu. "Twendeni," alisema. "Tumeitwa harusini, kumbe tumeitwa tusherehekee kushindwa kwetu." Mmoja akasimama. Wawili. Safu nzima ikaanza kutafuta viatu.

Embong aliona jukwaani mabega ya binti yake yakishuka. Hakumbuki alivyofika pale. Anakumbuka tu kwamba kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, na Mheshimiwa alikuwa amesukumwa pembeni kama kiti.

"Kaeni!" alipiga kelele, na chombo kikapiga mluzi. "Kaeni mle! Mnataka nini kwangu? Ndiyo, kura niliiharibu mimi! Nilitia alama kote kote! Niliapa kwa Tok Imam, nikaapa kwa Lebai, nifanye nini? Nina binti mmoja. Nilitaka watu wale chakula chake. Basi! Nimewakosea wote, nitemeeni mate wote, lakini nitemeeni kesho. Leo kuleni!"

Kisha kutoka upande wa kulia, mzee Awang Muda mvuvi akasema, akiitazama sahani yake, "Na mimi."

"Na wewe nini?"

"Niliharibu. Mama yangu ni mgonjwa. Jeneza la Taa liko karibu, lakini wabebaji wenye nguvu wako Mwavuli. Nikaona nisimkosee mtu."

"Na mimi," alisema mwanamke mmoja wa kushoto. "Mkwe wangu huku, kaka yangu kule."

"Mimi nilichora duara katikati," alisema mwalimu wa shule. "Nilidhani watajua wenyewe."

"Na mimi."

"Na mimi, Mungu anisamehe."

Ikawa inatoka huku na kule, kushoto, kulia, wengine wakisema kwa kiburi kana kwamba wanadai chao. Mkwe wa Lebai. Mpwa wa Tok Imam. Watu tuliokuwa tumetema mate barabarani. Wiki nzima tulikuwa tumejificha nyuma ya mtu mmoja kwa kuwa ananuka.

Kisha Semek akatoka jikoni, mwiko mkononi, jasho likimchuruzika.

"Ile iliyonuka ilikuwa yangu," alisema.

Hapo hata wapiga ngoma wa Haji Deraman waligeuka. Semek! Msumari wa Taa, binti wa baba yake!

"Yako?" alisema Embong, ndani ya kipaza sauti, hivyo kijiji chote kikauliza naye.

"Wewe siku ile ulivaa shati jipya, hukugusa samaki. Mimi nilitoka kwenye kinu nikaenda moja kwa moja. Nilishika penseli, nikamfikiria Habsah na wajomba wa Mwavuli watakaosusa, mkono ukaenda wenyewe kule juu kwenye mwavuli. Halafu nikamwonea haya marehemu baba, nikatia na kwa Taa."

"Wiki nzima nimetemewa mate kwa kura yako?"

"Si ulikuwa umeshazoea," alisema Semek, na sauti yake ikakatika katikati.

Sauti iliyofuata ilitoka jukwaani. Habsah alikuwa anacheka. Mwali, mbele ya wakwe, na wanja unamtiririka mashavuni, alicheka mpaka akashika mkono wa mumewe asidondoke. "Funga mdomo, wewe ni bibi harusi!" mama yake alimkemea. "Siwezi, Mama," alisema, "siwezi," na mumewe naye akaanza, na kutoka hapo haikuzuilika.

Usidhani tulipatana. Misikiti ni miwili mpaka leo. Tok Imam alisimama na viatu mkononi mpaka akaona hakuna anayemfuata, akakaa kwenye nafasi ya kwanza iliyokuwa wazi, nayo ilikuwa kwenye sinia la mdogo wake. Hawakusalimiana. Waligombea kichwa kimoja cha jodari kwa vidole, kimya, kama walivyokuwa wakigombea utotoni. Mheshimiwa naye aliomba sahani, kwani kura moja haimruhusu mtu kususa.

Embong alibaki amesimama na kipaza sauti, hajui acheke au alie, akalia. Semek alimnyang'anya kile chombo, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akatangaza kwamba wali upo, mchuzi upo, anayetaka kuongezewa aje mwenyewe na sahani yake.